UZI: Queen, A Night at the Opera (1975). Tumalize ubishi wa nani alitunga nini

#1 Mzee wa Santuri
Wakuu, salaam.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu. Ni kava lile jeupe la A Night at the Opera, albamu ya bendi ya Uingereza ya Queen, na juu yake mtu ameandika kwamba nyimbo zote humo zimetungwa na mtoto wa Zanzibar. Watu wanaisambaza kwa mapenzi, na mapenzi hayo hata mimi ninayo. Lakini tunalishana matango pori. Freddie Mercury, mwimbaji wao, yaani Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, hakutunga hata nusu ya albamu ile.

Mwenye santuri aigeuze asome. Nyimbo ni 12. Mercury ana tano: Death on Two Legs, Lazing on a Sunday Afternoon, Seaside Rendezvous, Love of My Life na Bohemian Rhapsody. Brian May, mpiga gita, ana nne: '39, Sweet Lady, The Prophet's Song na Good Company. Roger Taylor wa dramu ana moja, I'm in Love with My Car. John Deacon wa besi ana moja, You're My Best Friend. Ya 12 ni God Save the Queen, wimbo wa taifa wa Uingereza, ambao hawakuutunga wao. May ameandikwa kama mpangaji wa muziki tu, na waliurekodi mwaka 1974, kabla hata kazi ya albamu hii haijaanza.

Sasa, kwa nini watu wanachanganya? Kwa sababu sauti inayosikika mara nyingi ni ya Freddie, na sisi huku mwimbaji ndiye mwenye wimbo. Ila kwa Queen wote wanne walikuwa watunzi, na si watunzi wa kujaza nafasi. We Will Rock You ni ya May. Another One Bites the Dust ni ya Deacon, yule mkimya ambaye hata kuitikia kwenye santuri haitikii. I Want to Break Free, Deacon tena. Radio Ga Ga ni ya Taylor. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sababu bendi ile ilidumu: hakuna aliyekuwa mpanda farasi mwenzake akiwa farasi.

Nimefungua uzi huu tuweke kumbukumbu sawa, wimbo kwa wimbo. Mwenye ushahidi aje nao, mwenye matusi abaki nayo.

#2 Chura wa Bwawani
Navuta kiti. Karanga zipo, kahawa ipo.

#3 Binti Shangani
Mzee wangu shikamoo. Ahsante kwa uzi.

Mimi nina moja linanisumbua. Love of My Life nimeizoea ile ya jukwaani, Brian May kakaa na gita lake, Freddie anaimba, umma mzima unaimba naye. Kwenye albamu nikaikuta ni piano na kinubi, gita kwa mbali. Kama Brian ndiye aliyeibadilisha ikawa vile tunavyoijua, mbona jina lake halimo?

#4 Mzee wa Santuri
Marahaba binti. Umegusa kiini cha uzi mzima.

Wimbo ni wa Freddie, maneno na sauti. Kwenye albamu anapiga piano mwenyewe. Kinubi unachokisikia ni May, na hakuwa mpiga kinubi: alirekodi kodi (chord, noti zinazolia pamoja) moja moja, anasimama, anarekebisha nyuzi tena, anarekodi nyingine, kisha vipande vikaunganishwa. Ya jukwaani ilitengenezwa upya kwa gita la nyuzi 12 kwa sababu mambo ya studio hayakubebeka jukwaani. Ndiyo iliyopagawisha Amerika Kusini, na ile ya Rio ya Januari 1985 watu wanaikumbuka hadi leo. Lakini kupanga upya muziki wa wimbo uliokwisha kuwapo hakukufanyi mtunzi wake. Utaratibu wao wa miaka ile ulikuwa mwepesi hadi unatia shaka: anayeleta maneno ndiye anayeandikwa. Wengine wachangie solo, waitikie, wabuni mdundo, jina linabaki moja.

Wakikwama kabisa ndipo wanaandikwa wote. Ilishatokea kwenye albamu ya mwaka 1974, wimbo wa Stone Cold Crazy. Walikuwa wakiupiga tangu siku zao za mwanzo kabisa hata ikawa hakuna anayekumbuka nani alileta nini. Wakaandika majina manne, yakaisha.

#5 Bishana Nao
Mleta uzi unatuletea habari za kava kana kwamba kava ni msahafu. Kava linaandikwa na watu. Bohemian Rhapsody haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Solo lile la gita nani alilibuni? May. Zile sauti za juu kabisa katikati nani? Taylor. Prodyuza Roy Thomas Baker alikuwa anafanya nini, anapika chai? Ukiniambia Freddie aliimba nitakubali. Ukiniambia peke yake ndiye aliyetunga, nakataa.

#6 Fundi Mitambo
Bishana Nao, hayo uliyosema yote ni kweli, na bado jibu halibadiliki.

Nieleze kwa upande wa studio maana ndiyo kazi yangu. Wimbo ule ulianza kurekodiwa Rockfield, studio iliyopo shambani huko Wales, majira ya joto ya 1975. Msingi ni piano ya Freddie, besi na dramu. Sehemu ya opera waliacha pengo kwenye tepu, wakalijaza baadaye London. Freddie alikuwa na kitu chote kichwani. Baker amesimulia kwamba mara ya kwanza Freddie alimpigia kipande cha mwanzo kwenye piano, akasimama, akamwambia hapa ndipo opera inapoingia. Wengine walikuwa hawajui kinakwenda wapi mpaka kimefika.

Waimbaji wa opera ni watatu tu: Freddie, May na Taylor. Hakuna kwaya. Wanaimba, wanarekodi, wanaimba tena juu ya hapo, wanabana sauti kadhaa kwenye njia moja ya tepu ili njia nyingine ziwe wazi, wanaendelea. Mashine ilikuwa ya njia 24. Sehemu ile peke yake ilichukua wiki tatu hivi, na inasimuliwa kwamba tabaka za sauti zilifika 180. Tepu ilipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi mno hata rangi ya sumaku ikaanza kukwanguka, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Leo mtoto anafanya hayo kwenye kompyuta ya mapajani huku anakula.

Solo la gita ni la May kweli, na alilitunga kama sauti yenye mwendo wake, si kurudia anachoimba Freddie. Lakini alilitunga ndani ya nyumba ambayo ramani yake si yake.

#7 Bishana Nao
Ramani unaiona wapi? Umekaa naye?

#8 Mzee wa Santuri
Ramani tumeiona wote, mkuu. Ilipigwa mnada.

Septemba 2023 Sotheby's ya London iliuza vitu vya nyumbani kwa Freddie, vilivyokuwa vimetunzwa na rafiki yake wa karibu Mary Austin tangu Freddie afariki mwaka 1991. Mojawapo ni rasimu ya Bohemian Rhapsody, kurasa kadhaa za mwandiko wake, nyingi juu ya karatasi za shirika la ndege la British Midland. Mishale, maneno yaliyokatwa, mpangilio wa sauti. Juu ya ukurasa mmoja aliandika "Mongolian Rhapsody", akaikata hiyo Mongolian, akaweka Bohemian. Iliuzwa pauni milioni 1.38. Piano yake ya Yamaha, aliyotungia nyingi ya kazi zake, ilikwenda pauni milioni 1.7.

Kwa hiyo si kava tu. Kuna mwandiko, kuna ushuhuda wa Baker, na kuna wenzake watatu ambao kwa miaka yote hii hawajawahi kudai wimbo ule. Tena May na Taylor si watu wa kunyamaza kwenye jambo la utunzi, kama mtakavyoona.

#9 Kijana wa South B
Sasi wasee. Mimi ni wa Nairobi, nasoma tu huku nikijifunza. Swali: kwani jina kuandikwa kwa kava inabadilisha nini? Si wote wanne walikuwa wanalipwa kama bendi?

#10 Wakili Bila Joho
Karibu kaka. Inabadilisha karibu kila kitu. Nitajitahidi kukwepa lugha ya mahakamani.

Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili zinazotembea pamoja. Ya kwanza ni ya rekodi, yaani ile sauti iliyomo kwenye santuri. Pesa ya hapo inapita kwa lebo, kisha inafika kwa bendi kwa mujibu wa mkataba, na kwa kawaida bendi inagawana. Ya pili ni ya utunzi: maneno na muziki wenyewe, hata ukiimbwa na mtu mwingine kabisa. Pesa ya hapo inakwenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Kila nakala ikiuzwa, kila redio ikipiga, kila bendi ya hoteli ikiurudia mahali ambapo mirabaha (malipo ya haki za watunzi) inakusanywa, mtunzi anapata. Mpiga besi ambaye hakuandikwa, hapati kitu kwenye fungu hilo.

Sasa weka watu wanne wanaofanya kazi chumba kimoja, usiku na mchana, mmoja anatajirika na mwenzake analipa kodi ya nyumba kwa shida. Mnatarajia wapendane?

#11 Ngoma Nzito
Hapo wakili umenena, na hapo ndipo anapoingia kaka yetu wa dramu. Naomba niisimulie mimi maana mpiga dramu asipotetewa na mpiga dramu nani atamtetea.

I'm in Love with My Car. Taylor kaitunga, kaiimba mwenyewe kwa sauti ile ya kukwaruza, na mngurumo wa mwisho ni gari lake mwenyewe, Alfa Romeo. Kwenye kava ameutolea heshima kwa fundi wao mmoja wa jukwaani aliyependa gari kupita kiasi. May aliposikia rekodi ya majaribio alidhani ni mzaha. Basi wimbo wa mzaha huo ukawekwa upande wa B wa singo (santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande) ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka tarehe 31 Oktoba 1975.

Singo ile ilikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Na utaratibu wa mirabaha ya santuri ulikuwa hivi: sehemu ya watunzi inagawanywa sawa kwa pande mbili. Mnunuzi ananunua kwa ajili ya Freddie, hageuzi hata upande wa pili, lakini Roger anahesabiwa sawasawa na Freddie. Nakala zaidi ya milioni moja zilikwishauzwa Uingereza kabla Januari 1976 haijaisha.

Hadithi inayosimuliwa, na hata filamu ya mwaka 2018 imeichezea, ni kwamba Taylor alijifungia kabatini mpaka Freddie akubali wimbo wake ukae upande wa B. Iwe kabati iwe sebule, hesabu ilikuwa upande wake. May amekiri kwenye mahojiano kwamba jambo lile liliwagombanisha kwa muda mrefu.

#12 Chura wa Bwawani
Kujifungia kabatini ndiyo uwekezaji bora wa mwaka 1975. Naenda kutafuta kabati.

#13 Binti Shangani
Hahaha. Kwa hiyo waliokula vizuri ni Freddie na Roger, na Brian mwenye nyimbo nne ndani ya albamu akaambulia ya albamu tu?

#14 Wakili Bila Joho
Ndivyo dada, mpaka itoke singo ya pili. Hiyo ikawa You're My Best Friend ya Deacon, mwaka 1976. Upande wa B wakaweka '39 ya May. Kwa hiyo katika singo mbili za albamu ile, kila mmoja wa wanne alipata upande mmoja. Sijui kama walipanga au ilitokea, lakini ukiwa mwanasheria unaona mikono ya watu waliokwisha kujua hesabu.

#15 Mzee wa Santuri
Nami niseme kidogo juu ya Deacon, kwa sababu kwenye ile picha ya magrupu yeye ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote.

You're My Best Friend alimtungia mkewe. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kinanda, akaipiga mwenyewe kwenye Wurlitzer, piano ndogo ya umeme. Freddie hakuipenda ile sauti hata kidogo na alikataa kuigusa, ndiyo maana anayepiga kinanda kwenye wimbo ule si mpiga piano wa bendi bali mpiga besi. Na kwenye '39, kazi ya May, Deacon anapiga besi kubwa ya kusimama. May alipendekeza kama utani, na siku chache baadaye akamkuta mwenzake keshajifunza.

'39 yenyewe, usidanganywe na mdundo wake wa kijijini. Ni habari ya wasafiri wa angani waliorudi baada ya mwaka mmoja wa kwao, wakakuta duniani imepita karne. May alikuwa ameacha masomo ya udaktari wa falaki kwa ajili ya bendi, akayamaliza Imperial College mwaka 2007. Kwenye albamu anaimba yeye. Jukwaani alikuwa anaimba Freddie, hapo tena watu wakampa Freddie wimbo.

Good Company nayo anaimba May. Ile bendi ya jazi ya zamani unayosikia, tarumbeta na klarineti, hakuna tarumbeta wala klarineti humo. Ni gita lake, lile alilolitengeneza na baba yake nyumbani, sauti moja moja. Kwenye Seaside Rendezvous wamefanya hivyo kwa midomo: Freddie na Taylor wanaiga ala za kupuliza, na kile kinachosikika kama dansi ya viatu ni vidole vilivyovalishwa vifuniko vya kushonea. Lazing on a Sunday Afternoon haifiki hata dakika moja na nusu. Sauti ya Freddie ilipitishwa kwenye spika za masikioni zilizotumbukizwa kwenye ndoo ya bati, ikarekodiwa humo. Ukisikiliza unasikia bati.

The Prophet's Song ni ndefu kuliko zote, dakika nane na kitu. Ni ya May, aliota ndoto ya gharika. Pale katikati Freddie anaimba akijijibu mwenyewe kwa mwangwi uliocheleweshwa. Watu wengi wanasema ni kipande cha Freddie. Aliyeimba ni Freddie, sawa, lakini aliyetunga ni May.

Sweet Lady sina la kusema. Kila albamu kubwa ina wimbo wa kwenda kuongeza maji kwenye birika.

#16 Ngoma Nzito
Sweet Lady usiiguse mzee. Ile mapigo yake si ya mtu mvivu.

#17 Bishana Nao
Sawa, twende na sheria basi. Nimesoma kesi ya A Whiter Shade of Pale, wimbo wa bendi ya Procol Harum. Mpiga ogani Matthew Fisher alikwenda mahakamani miaka karibu 40 baadaye na akashinda. Kwa mantiki hiyo May anaweza kwenda kudai solo la Bohemian Rhapsody. Au sivyo, wakili?

#18 Wakili Bila Joho
Swali zuri, hili linastahili jibu refu.

Wimbo wa Procol Harum ulitoka 1967. Ulisajiliwa kwa majina mawili: Gary Brooker muziki, Keith Reid maneno. Fisher ndiye aliyebuni ile sauti ya ogani ya mwanzo, inayorudi tena katikati. Alifungua kesi 2005. Mahakama ya kwanza ikampa asilimia 40 ya haki ya muziki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikasema mtunzi mwenza ndiyo, pesa hapana, umechelewa mno. Julai 2009 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa kule wakati ule, ikamrudishia asilimia zake. Ikasema kuchelewa peke yake hakuui haki hii. Lakini hesabu ya pesa ilianzia pale alipodai, miaka ya nyuma haikuguswa.

Kwa hiyo kisheria hoja yako haichekeshi. Kipande cha ala kikiwa na ubunifu wa kutosha na kimeingia kwenye mwili wa wimbo, aliyekibuni anaweza kuwa mtunzi mwenza. Clare Torry naye: aliimba bila maneno kwenye The Great Gig in the Sky ya Pink Floyd, akalipwa pauni 30 za kazi ya siku. Akadai mwaka 2004, wakamalizana nje ya mahakama, na matoleo yaliyofuata yana jina lake pamoja na la Richard Wright.

Tofauti ya Queen ni moja kubwa: walikubaliana. Kila mmoja alijua kanuni, kila mmoja alinufaika nayo kwenye nyimbo zake na akaumia kwenye za wenzake. May aliweka solo kwenye wimbo wa Freddie, Freddie akaweka sauti na piano kwenye za May. Ukianza kudai hiki, jiandae kudaiwa kile. Fisher hakuwa na bima hiyo.

#19 Kijana wa South B
Hii imenikumbusha Malaika. Fadhili William ndiye aliyeirekodi na jina lake ndilo liko kwa santuri, na bado kuna watu wanasema aliyeitunga ni Adam Salim. Miriam Makeba ameimba, Boney M. wameimba, dunia nzima imeimba, na sisi bado tunabishana.

#20 Binti Shangani
Kwetu kwenye taarab angalau tunatenganisha. Huyu katunga shairi, huyu katia muziki, huyu kaimba. Mtu anaweza kuwa mashuhuri kwa mashairi tu na hajawahi kushika maikrofoni.

Mzee, na Death on Two Legs? Nimesikia ilileta kesi.

#21 Mzee wa Santuri
Kesi ilinukia, ila si ya utunzi. Ile ni ya Freddie, hakuna anayebisha, na hakuna mwingine ambaye angetaka kujiandikisha.

Queen walikuwa chini ya Trident, kampuni iliyowasimamia, ikawapa studio na ikashika mikataba yao. Mwaka 1974 wimbo wao Killer Queen umefika namba mbili Uingereza, wao bado wanalipwa mshahara wa pauni 60 kwa wiki. Deacon anaoa, anaomba pesa za kuanzia nyumba, anakataliwa. 1975 wakajinasua kwa msaada wa mwanasheria wao Jim Beach, wakaenda kwa John Reid aliyekuwa meneja wa Elton John. Bei ya kujinasua ilikuwa pauni 100,000 pamoja na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zijazo. Yaani hata hii tunayoijadili, aliyekatiwa asilimia ni yule yule anayetukanwa kwenye wimbo wa kwanza.

Jina lake halitajwi popote, kichwa cha wimbo kinasema tu umetolewa kwa, halafu nukta nukta. Lakini Norman Sheffield, bosi wa Trident, aliusikia akajijua, akatishia mahakama, wakamalizana pembeni. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha upande wake.

Ndiyo maana nasema majina kwenye albamu hii si mapambo. Ilikuwa moja ya albamu za gharama kubwa zaidi kurekodiwa hadi wakati ule, inasemwa pauni 40,000, studio sita au saba, na watu wenyewe wana madeni. Isingeuza, walikuwa wamekwisha. Kila jina lilikuwa hundi.

#22 Bishana Nao
Na hiyo "Bismillah" ndani ya Bohemian Rhapsody? Hiyo si ushahidi kwamba...

#23 Chura wa Bwawani
Mkuu pumzika.

#24 Mzee wa Santuri
Hiyo ina uzi wake, kurasa nyingi, naomba tusiihamishie hapa.

#25 Fundi Mitambo
Niulize mimi sasa. Hiyo kanuni ya jina moja waliiacha lini? Maana kwenye albamu za mwisho naona "Queen" tu kila mahali.

#26 Mzee wa Santuri
The Miracle, 1989. Dalili zilikuwapo kabla: Under Pressure ya 1981 wameandikwa wote pamoja na David Bowie, One Vision ya 1985 wote wanne. Lakini The Miracle ndiyo albamu ya kwanza ambayo kila wimbo umeandikwa Queen, na Innuendo ya 1991 vivyo hivyo. Wakati huo Freddie alikuwa mgonjwa na wenzake walijua. May amesema mara nyingi kwamba uamuzi ule ni miongoni mwa mambo bora waliyowahi kuyafanya, maana wimbo ukaanza kuchaguliwa kwa ubora wake, si kwa kuwa ni zamu ya fulani kupata singo.

Ubaya wake ni kwetu sisi wapenda kumbukumbu. Kwenye albamu ya 1975 ninajua kila kitu kwa kugeuza kava. Za 1989 na 1991 lazima nichimbe mahojiano: I Want It All msingi wake ni May, The Invisible Man ni Taylor, The Show Must Go On sehemu kubwa ni May. Deacon hahojiwi, kwa hiyo yake nyingi hatutazijua.

#27 Ngoma Nzito
Ongeza na hii mzee, maana inamrudisha mtu wangu. Desemba 1991, wiki chache baada ya Freddie kufariki, Bohemian Rhapsody ilitolewa tena kama singo Uingereza, mapato yakaenda Terrence Higgins Trust, shirika la hisani la UKIMWI. Upande wa pili waliweka These Are the Days of Our Lives. Mtunzi mkuu wa wimbo ule ni nani? Roger Taylor. Tena yumo upande wa pili wa wimbo ule ule. Ila safari hii kava linasema Queen, na wote wanne wanahesabiwa sawa kwenye upande wake.

#28 Chura wa Bwawani
Huyo jamaa ana kabati kila mahali.

#29 Wakili Bila Joho
Na kwa wanaofikiri haya ni ya kihistoria tu: mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony wamekubali kununua haki za nyimbo za Queen kwa pauni bilioni moja hivi. Nani aliandikwa wapi mwaka 1975 bado ni suala la pesa.

#30 Bishana Nao
Sawa. Mimi msimamo wangu ni huu: kisheria ni ya Freddie, kimuziki ni ya wanne. Hapo sitoki.

#31 Fundi Mitambo
Hapo hata mimi nipo na wewe.

#32 Binti Shangani
Mzee, nitengenezee picha mpya basi, ile nyingine wageni wananionyesha kwenye simu zao hapa hapa mjini. Weka hesabu: tano, nne, moja, moja, na wimbo wa taifa.

#33 Mzee wa Santuri
Nimeiweka chini ya posti namba moja, yenye majina ya watunzi na ya waimbaji kando kando, kwa sababu ni vitu viwili. Freddie anaongoza uimbaji kwenye nane, May kwenye '39 na Good Company, Taylor kwenye ya gari. God Save the Queen haina mwimbaji, ni gita na ngoma. Isambazeni kwa nguvu ile ile mliyoisambazia ya kwanza.

#34 Kijana wa South B
Nimeshare tayari kwa group ya familia. Mjomba ameuliza kama Deacon ni mchungaji.